Nani Atamjibia Mwalimu Ndalahwa

Kwa majonzi yasiyo na kifani, ukoo wa Chenge wa Mabatini, Mwanza, unalitangazia Taifa kwamba lile darasa tukufu la walimu waliohitimu katika chuo cha ng'ambo ya ghuba, enzi za Mwingereza, sasa limebakiwa na mtu mmoja tu. Habari ziwafikie wakuu wa wilaya wote waliofundishwa kuhesabu na darasa hilo, maaskofu wote waliochapwa nalo, na matajiri wote wa minofu ya samaki ambao bila darasa hilo wasingejua kuandika neno "faida". Bendera zipepee nusu mlingoti. Magari yasimame.

Magari hayakusimama. Tangazo lenyewe halikufika redioni. Lilisomwa uani, kwa sauti ya puani kama ya watangazaji wa vifo, mbele ya kuku watatu na mama mmoja aliyekuwa akipanga mapanki kwenye beseni. Mama huyo aliokota kichwa cha sangara akamtupia msomaji. Kilimpata shingoni.

"Mpumbavu wewe," alinong'ona. "Babu yako akisikia?"

Msomaji alikuwa mwanawe, Ngosha, wa kidato cha tatu, aliyekuwa likizo ya Desemba kutoka shule ya bweni. Kuhusu Ngosha sitasema mengi, hana umuhimu mkubwa hapa. Mimi ni msimulizi ajuaye yote, yule tunayefundishwa darasani. Naona ndani ya nyumba na ndani ya mioyo, kama Mungu, ila mimi silaumiwi mvua isiponyesha.

Aliyekufa alikuwa Mwalimu Obedi wa Kisesa; aliyebaki ni babu huyo, Mwalimu Ndalahwa. Habari zililetwa na binti yake, Teodora, Jumatatu asubuhi. Alimkuta Suzana, ndiye huyo mama wa beseni, nyuma ya kiwanda cha minofu, mahali wanawake wanapopanga foleni kungojea mifupa ya sangara baada ya nyama yake kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Mifupa hiyo, pamoja na kichwa na mkia, ndiyo mapanki. Wazungu wanakula samaki, sisi tunakula ushahidi kwamba samaki alikuwepo.

"Tumeshamzika, dada," Teodora alisema. "Ni tumbo. Tulimpeleka zahanati wakatuambia tukanunue dripu dukani. Tulivyorudi na dripu…" Alifunga kanga yake upya kiunoni. "Mwambieni Mwalimu Ndalahwa taratibu. Baba alikuwa anasema kila siku, Jumamosi nakwenda Mabatini kumsoma mwenzangu."

Taratibu ni neno zuri sana. Mpaka Ijumaa ilipofika, hakuna aliyekuwa ameanza.

Lazima nieleze kusomana ni nini, maana hata majirani wa Mabatini walidhani ni aina ya uganga.

Wanadarasa wale walikuwa na desturi yao. Kila Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, waliobaki walikutana wakaita mahudhurio. Waliitana kwa kichwa, bila daftari, kwa mpangilio uleule waliokaa nao darasani ujanani. Aliye hai aliitikia, "Nipo." Aliyekufa naye aliitwa vilevile, na mwenzake wa dawati, au yeyote wa darasa kama naye wa dawati keshaondoka, alisimama akasema, "Hayupo, namjibia." Kisha alimsoma marehemu kama ripoti ya mwisho wa muhula: kazi, tabia, na mwishoni upungufu mmoja. Upungufu ulikuwa lazima, na ulikuwa lazima uwe wa kweli. Mkuu wa chuo chao alikuwa akirudisha ripoti yoyote isiyo na upungufu, akisema aliyeiandika hakumtazama mtoto. Anayeita mahudhurio alijiita mwisho. Na marehemu aliyekosa mtu wa kumjibia alihesabiwa mtoro.

Ngosha aliwafahamu marehemu wengi kwa njia hiyo, kwa sababu ndiye aliyekuwa macho ya babu yake kwenye mikutano. Alimfahamu Mwalimu Okal wa Shirati, ambaye mwaka chaki zilipokosekana aliwafundisha watoto kuandika kwenye mchanga wa ziwani, na mawimbi yakifuta aliwaambia waandike tena. Okal alifia kwenye korido, akingoja ndugu warudi na glovu za daktari. Upungufu: hakuwahi kumsifu mtoto hata mmoja, hata wa kwake. Alimfahamu Mwalimu Luhaga, aliyejenga shule kisiwani kwa mawe aliyoyavusha kwa mtumbwi. Luhaga alikufa akiwa amekaa kwenye benchi akifuatilia pensheni, na karani alimwita, akamwita tena, akakasirika akidhani anasinzia. Upungufu: alikuwa na familia ya pili Geita, na ndiyo aliyoipenda. Na Mwalimu Pius, bingwa wa kwaya, ambaye mwaka wa njaa alikula mbegu za shamba la shule akawasingizia panya.

Watu walicheka kwenye ripoti hizo. Hakuna aliyelia. "Mwalimu halii mbele ya darasa," alisema babu.

Mwaka jana walibaki wawili, Ndalahwa na Obedi, na hao walikuwa wa dawati moja. Wakafanya mkutano sebuleni Mabatini. Walipomaliza kuwasoma wenzao, Obedi alinusa ugoro, akapiga chafya, akasema kwa ile lafudhi yake isiyotofautisha l na r:

"Ndarahwa, nikifa mimi utanisoma wewe. Ukifa wewe, nani atakusoma?"

"Hakuna."

"Utakuwa mtoro."

"Nitakuwa mtoro. Mimi, ambaye hata siku ya malaria nilikwenda darasani."

"Basi mwakani tusomane tukiwa hai. Kira mtu asikie yake kwa masikio yake. Na upungufu, usinifichie."

"Ukilia nakutoa nje."

Walipeana mikono. Tangu siku hiyo, Mwalimu Ndalahwa hakungojea kitu kingine duniani.

Ijumaa mchana kilifanyika kikao jikoni. Walikuwepo Suzana na mumewe Masalu, ambaye kiwanda cha nguo kilikuwa kimempunguza kazini na sasa anabeba magunia ya dagaa soko la Mwaloni. Na alikuwepo yule Ngosha asiye na umuhimu, akiingia na kutoka.

"Aambiwe leo," Suzana alisema. "Mtu mzima hafichwi msiba."

"Akiambiwa hatakwenda hospitali. Si umemsikia? Anasema, nikishasomwa, mtanipeleka mnakotaka. Miguu ile imejaa maji, Mama Ngosha. Ukibonyeza kidole kinabaki shimo."

"Sasa Obedi utamtoa wapi, Masalu? Kaburini?"

Ndipo kutoka nyuma ya mlango Mwalimu Obedi akasema, "Hamjambo wana wa Chenge! Nimecherewa tena? Haya, nichapeni."

Suzana aliangusha mfuniko wa sufuria. Masalu alishika ukuta. Kisha Ngosha akachomoza kichwa akitabasamu, na mama yake akamtandika kofi la mgongo lililosikika kwa jirani.

Kipaji hicho kilikuwa na historia. Muhula uliopita, kwa sauti ya mkuu wa shule, kijana huyu aliliamuru bweni zima likapange foleni ya nyama siku ya maharage. Alichapwa, akadeki choo mpaka muhula ukaisha, na hakujuta.

"Rudia," Masalu alisema.

"Baba Ngosha!"

"Rudia, nimesema."

Ngosha alirudia. Masalu alisikiliza akiwa amefumba macho, kama babu anavyosikiliza sasa, na alipoyafumbua yalikuwa na maji. "Haoni," alisema. "Mtoto wa jicho amemfunika yote mawili. Obedi anakuja, anamsoma, anaondoka. Jumatatu tunakwenda hospitali. Akipata nafuu, nitamwambia mwenyewe."

"Mimi simo," Suzana alisema. "Mwaka jana nilikuwa mchuuzi. Mwaka huu sitaki kuwa chochote."

Wote walikumbuka.

Mwaka jana ilikuwa mara ya kwanza Obedi kufika Mabatini. Siku zote Ndalahwa ndiye aliyekwenda Kisesa, na huko aliwaambia wenzake kwamba analishwa na pensheni yake na zawadi za wanafunzi wake wa zamani. Wakati huo alikuwa bado anaona kidogo. Basi wakiwa sebuleni, Suzana aliingia na beseni kichwani, amelowa maji ya samaki mpaka magotini.

"Nani huyo, Ndarahwa?" Obedi aliuliza.

"Mchuuzi tu. Hupitapita hapa."

"Tua basi mama, nikununurie," Obedi alisema, maana alikuwa mtu mwema. "Nikawaperekee wajukuu."

Suzana alimtazama baba mkwe wake. Baba mkwe wake alitazama picha ya darasa ukutani. Masalu, aliyekuwepo, alikohoa. Suzana akatua beseni. Alichagua panki lenye nyama kidogo mgongoni, akalifunga kwenye gazeti, akapokea pesa kwa mikono miwili. "Asante mzee," alisema. Kisha akajitwisha beseni lake, akatoka nje, akazunguka kupitia kiwanja cha jirani ili aingie jikoni kwake kwa mlango wa nyuma.

Ngosha aliona yote kupitia upenyo wa pazia. Mama yake hakulizungumzia jambo hilo mwaka mzima. Lakini tangu siku hiyo, akirudi kutoka kiwandani, hakupita tena mlango wa mbele.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Ndalahwa alivaa suti ya kijivu aliyostaafia, na tai. Viatu vilikataa kuingia kwenye miguu iliyovimba, akavaa kandambili, akaagiza zifutwe vumbi. Alikaa kwenye kiti chake akiwa ameelekeza uso mlangoni.

"Masalu, saa ngapi?"

"Bado mapema, baba."

"Atachelewa. Huyu alichelewa hata siku ya mtihani wa mwisho. Alisema alikuwa anamsaidia mama mmoja kuvusha mbuzi."

Nyuma ya nyumba Ngosha alikuwa anavaa koti la baba yake. Alijipaka ugoro kwenye kola, akapiga chafya, akajipaka tena. Lazima niseme alikuwa anafurahia. Ilikuwa mzaha mkubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, na safari hii mzazi ameuruhusu. Suzana alimpita na kuni mkononi bila kumtazama.

"Hodi hapa kwa Ndarahwa!"

"Umechelewa!" Babu alijaribu kuinuka, akashindwa, akacheka kwa furaha. "Umechelewa, mshenzi wewe! Ingia. Lete mkono."

"Sikupi. Nina mafua. Na wewe kifua chako nakisikia toka barabarani."

"Tangu lini unaogopa mafua?"

"Tangu hospitari zianze kuuza dripu."

Babu alicheka mpaka akakohoa, na Masalu akampiga mgongo taratibu. Obedi alikaa kwenye kiti cha mbali, karibu na mlango, akavuta pumzi kwa pua kama mtu aliyenusa ugoro. Kila kitu kilikwenda vizuri. Walianza mahudhurio.

"Luhaga," babu aliita.

"Hayupo, namjibia," alisema Obedi, na akamsoma: mawe, mtumbwi, benchi, Geita. Hakukosea neno. Babu alitikisa kichwa kila sentensi, kama mtu anayesahihisha mtihani na kukuta kila jibu ni sahihi.

"Okal."

"Hayupo, namjibia."

"Pius."

Kwa Pius alijibu babu mwenyewe, na kwenye habari za panya wazee wote wawili wakacheka.

"Obedi," babu aliita.

Masalu aliinamisha kichwa. Kuni zililia jikoni. Nje watoto walikuwa wanapiga danadana.

"Nipo," alisema Obedi.

"Haya. Uliyechelewa unaanza. Nisome."

Obedi alisimama. Alisoma kwamba Ndalahwa Chenge alifundisha Magu, Sengerema na Usagara. Kwamba huko Usagara upepo ulipoezua shule, aliwahamishia watoto kwenye ghala la pamba, na kwa miezi mingi walijifunza kugawanya huku wakipiga chafya, na bado wakafaulu. Kwamba kulikuwa na msichana ambaye baba yake alimwozesha akiwa darasa la sita, na Mwalimu Ndalahwa alitembea mpaka kwa huyo mume akakaa uani siku nzima bila kula, mpaka wakamrudisha mtoto shuleni. Babu alisikiliza akiwa ameinua kidevu, mikono juu ya magoti, mwanafunzi safi kabisa.

"Tabia: nadhifu. Anawahi. Haombi."

"Upungufu," babu alisema. "Usinifichie."

Upungufu ulikuwa umeandaliwa: anakoroma kanisani. Masalu ndiye aliyeuchagua. Ungewachekesha, chai ingenywewa, na Jumatatu ingekuja. Lakini hapo Suzana aliingia na vikombe, kwa sababu Masalu alikuwa amemwomba, na hakuna mtu mwingine wa kupika chai katika nyumba ile.

"Karibuni chai," alisema kwa sauti ya chini.

"Weka hapo," babu alijibu. Kisha akageuzia uso kule mlangoni, kwa mgeni wake. "Binti wa jirani huyo, hutusaidia kazi ndogondogo. Samahani kwa harufu, Obedi. Wanashinda kwenye masamaki, hawa watu."

Suzana aliweka kikombe cha kwanza. Aliweka na cha pili. Hakumwaga hata tone.

"Upungufu," alisema Obedi, na sauti yake ilikuwa imebadilika, lakini si sana. "Mwaka jana mama mmoja aliingia hapa na beseni. Ukasema mchuuzi. Nikamnunulia. Yule ni mkwe wako, mke wa Masalu. Samaki unaokula jioni ni wa beseni lile. Daftari za mjukuu wako ni za beseni lile. Leo kakuletea chai, umesema binti wa jirani."

Mkono wa babu ulitafuta kikombe juu ya meza, ukapapasa, haukukipata, ukarudi gotini.

"Obedi," alisema hatimaye, pole pole. "Ulinunua samaki ukaenda zako. Hukurudi hapa, wala mimi sikupata tena nguvu ya kuja Kisesa. Nani aliyekuambia kwamba ni mkwe wangu?"

Hapa ndipo msimulizi ajuaye yote anatakiwa aeleze Ngosha alijibu nini, na moyoni aliwaza nini.

"Ngosha," babu akaita.

"Naam, babu," nikasema.

Niliitika kwa sauti yangu. Basi. Ngosha ni mimi. Nadhani mlikwishajua, watu wote hujua kabla yangu. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule ndani ya koti la baba, nanuka ugoro wa marehemu, na sikuwa na sauti nyingine ya kujifichia.

"Obedi amekufa lini?"

"Jumamosi iliyopita, babu. Teodora alileta habari Jumatatu."

"Masalu, ulijua?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe, Mama Ngosha?"

"Nilijua, baba. Nilisema uambiwe."

"Kumbe darasa zima linajua," babu alisema. "Mwalimu tu ndiye hajui."

Akashika mikono ya kiti. Baba alitaka kumsaidia, akamsukuma. Alisimama mwenyewe, kwa muda mrefu sana, akiinuka kidogo kidogo, na alipokuwa wima akanyoosha tai yake akaanza kuita upya. Luhaga. Okal. Pius. Majina mengine yote ya darasa, ambayo sikuwaandikia hapa kwa uvivu. Kila jina aliliita kwa sauti ya darasani, akangoja, kisha akajibu mwenyewe: "Hayupo, namjibia." Alipofika kwa Obedi alingoja zaidi.

"Hayupo, namjibia. Obedi. Kazi: alifundisha Kisesa, na kila aliyejua kusoma kule alijulia kwake. Tabia: mwema. Upungufu: alichelewa kila mahali maisha yake yote, na siku moja tu aliyowahi ni ile ya kufa." Kisha akaita, "Ndalahwa Chenge."

Hakuna aliyejibu. Baba alikuwa anatazama sakafu. Mama alikuwa bado na sinia mkononi. Nilifungua mdomo.

"Kaa chini," babu alisema. "Wewe hukusoma na sisi."

Alingoja, kama anavyongoja mwalimu ambaye anajua mtoto yuko nje ya dirisha na ataingia sasa hivi. Chai ilipoa. Watoto walimaliza danadana zao wakaenda.

"Mtoro," alisema, na akakaa.

Hospitali hakwenda. "Nilisema nikishasomwa," alimwambia baba. "Sikusomwa. Nilitukanwa na mtoto ndani ya koti." Mama aliendelea kumpikia. Babu alikula kidogo sana, na akimaliza alisukuma sahani bila neno, kama zamani. Labda alitaka kumwambia mama kitu. Labda alimwambia wakati mimi nimekwisharudi shule. Nilisema naona ndani ya mioyo, na nilidanganya. Sijui. Nimemuuliza mama, naye alinijibu, "Kachote maji."

Babu alikufa mwezi wa pili. Shule ilinileta kwa Landrova, siku moja kabla ya mazishi, pamoja na mwalimu wetu wa fasihi na wenzangu watatu wa bweni. Msiniulize kwa nini walichaguliwa hao. Mmoja baba yake alikuwa mkubwa bandarini, mwingine kwao walikuwa na mabasi. Hao ndio niliowaambia, tangu kidato cha kwanza, kwamba mama yangu anasafirisha samaki nje ya nchi. Niliwahi hata kuwaigizia anavyoongea na Wazungu kwenye simu.

Niliombwa nisome wasifu wa marehemu kanisani, kwa kuwa sauti yangu ni nzuri. Niliuandika mwenyewe, kwa mpango wa darasa lake, ili asiwe mtoro. Nilijifunza kuusoma uani, mbele ya kuku waliobaki. Kazi, tabia, upungufu. Upungufu ulikuwa mfupi: kwamba alimkana mkwe wake aliyemlisha, na mkwe huyo anaitwa Suzana.

Kanisani nilisoma ghala la pamba, wazee wakatikisa vichwa. Nilisoma yule msichana wa darasa la sita, na mwanamke mmoja mzima mwenye miwani, ambaye simjui, alianza kulia kwa sauti kwenye benchi la kati. Kisha nikafika mwisho wa ukurasa, nikainua macho, nikawaona wenzangu wa bweni wameketi mbele na mashati yao meupe, wananitazama.

Nilikunja karatasi. Nikasema amina.

Jioni waombolezaji walipopungua, nilimkuta mama uani anasugua sufuria kwa majivu. Wenzangu walikuwa ndani wanakunywa soda. Nilikaa kwenye jiwe karibu naye.

"Umesoma vizuri," alisema.

"Asante, mama."

"Ila umeruka."

Niliokota kijiti, nikachora chini.

"Jana ulipokuwa unajifunza, nilikuwa hapa hapa, nyuma ya kuni. Nilisikia mpaka mwisho. Leo nikamwachia mwenzangu mwiko, nikaja kusimama mlangoni pa kanisa na nguo hizi za jikoni. Nikasema leo nitatajwa. Hata kama ni kwenye ubaya wa mtu mwingine, nitatajwa."

"Sikutaka kumwaibisha babu, mama. Keshakufa."

"Ngosha."

Aliita vilevile kama babu alivyoniita sebuleni. Hakuniangalia, aliendelea kusugua. Nilitafuta sauti. Ninayo ya mkuu wa shule, ya padri, ya mtangazaji wa vifo, ninayo ya Mwalimu Obedi mpaka leo. Hakuna iliyokuja.

"Niliona aibu, mama."

"Ulimwonea nani aibu?"

Ndani ya nyumba mmoja wa wenzangu alicheka, kisha akakumbuka ni msibani, akanyamaza.

"Wewe," nikasema.